Maoni: Mashine ya kupima beto ni njema, lakini jibu liwafikie kwanza wanaolala ndani

Kunako tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ililipuka na kuteketeza nyumba kwa maelfu kaskazini mwa mji wa Goma. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata, wakaaji wengi hawakuogopa tena moto, bali ardhi yenyewe. Mitetemeko ilipiga usiku na mchana, barabara zikapasuka, kuta zikapata nyufa huku Goma na kule Gisenyi upande wa Rwanda. Tarehe 27, viongozi wa jimbo waliamuru mitaa 10 ya mji ihame, na watu wakashika njia ya Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Baadaye watu walirudi. Mafundi waliitwa, nyufa zikajazwa sima, rangi ikapita juu, maisha yakaendelea. Tangu wakati huo vita vimesukuma familia nyingi kutoka vijijini, na sehemu kubwa ya wahami hao wamepokelewa ndani ya madarasa ya shule, makanisa na nyumba za watu. Mama anayefika na watoto watano na godoro moja haulizi jengo lile lilipitia nini mwaka 2021. Anashukuru kwamba mvua haimnyeshei. Mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba chini ya ile rangi nzuri kuna ufa.

Siku hizi maenjinia katika nchi nyingi wanaongelea njia mpya: kupima beto bila kuibomoa, kisha kuipa kompyuta iliyofundishwa kazi ya kusoma vipimo na kuonyesha ubovu uko wapi. Ni njia njema, na Kivu ina haki ya kuitaka kama wengine. Lakini mashine hiyo haitaokoa mtu hata mmoja kama jibu lake litabaki ndani ya ofisi. Wa kwanza kulipata wanapaswa kuwa wale wanaolala chini ya beto hiyo, na walipate pamoja na mahali pa kwenda.

Macho peke yake hayatoshi

Beto hubeba siri. Tarehe 14 mwezi wa nane 2018, huko Genova nchini Italia, daraja kubwa liliporomoka na watu 43 wakafa. Vyuma vilivyoshikilia daraja hilo vilikuwa vimefunikwa ndani ya beto, na kutu ilivila mahali ambapo jicho halifiki. Magari yalipita juu yake kila siku.

Huku karibu pia msiba umekwisha kupita. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 mwezi wa pili 2008, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipiga Bukavu na eneo la Rusizi upande wa pili wa mpaka. Upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao wakiwa kanisani, na Bukavu pia ilizika watu. Tetemeko la nguvu hiyo si kubwa sana ukilinganisha na yanayopiga nchi nyingine za dunia. Linapoua, mara nyingi kilichoua ni kuta na paa zilizowaangukia watu.

Tangu zamani fundi mzoefu hupima beto kwa nyundo. Akigonga mahali pazima, sauti ni kavu na kali. Akigonga mahali ambapo ndani pameachana, sauti ni nzito, kama ya sanduku tupu. Kazi nyingine zote za kupima zimetoka kwenye wazo hilo: mpe ukuta kitu, kisha usikilize unarudisha nini.

Mswisi Ernst Schmidt alitengeneza, karibu na mwaka 1950, nyundo yenye springi ambayo inagonga beto na kuonyesha kwa namba imerudishwa kwa nguvu gani. Beto ngumu inairudisha sana, beto dhaifu inairudisha kidogo. Ni chombo cha mkononi, na hakihitaji umeme. Shida yake ni kwamba kinapima ngozi ya juu tu. Beto ya zamani inaweza kuwa ngumu juu na mbovu ndani.

Kuna pia njia ambayo akina mama wataielewa haraka, kwani inafanana na ekografi ya hospitali. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio yanapitishwa kutoka upande mmoja wa nguzo hadi mwingine, na chombo kinahesabu yamechukua muda gani. Katika beto nzuri ya kawaida mawimbi hukimbia mita 4,000 hivi kwa sekunde, wakati sauti hewani hukimbia mita 340 hivi tu. Kama ndani kuna shimo au ufa, mawimbi yanalazimika kuzunguka na yanachelewa. Yakishuka chini ya mita 3,000, enjinia huanza kuwa na mashaka.

Njia nyingine ni kugonga kwa kichuma kidogo na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani. Watafiti wa Marekani, miongoni mwao Mary Sansalone na Nicholas Carino, ndio walioikuza katika miaka ya 1980. Kuna pia rada inayoonyesha vyuma viko wapi ndani ya beto, na kamera inayoona joto: sehemu ya beto iliyoachana na nyingine hupata joto haraka zaidi jua likiwaka.

Mashine inajifunza namna gani

Vyombo hivyo vyote vina tatizo moja. Vinatoa namba nyingi na mistari inayopanda na kushuka, na wanaojua kuisoma ni wachache. Nguzo moja inaweza kupimwa mahali kumi. Shule moja ina nguzo nyingi, na mji una shule nyingi kupita kiasi. Ndipo kompyuta inapoingia.

Kompyuta hiyo haijui beto ni kitu gani. Inafundishwa kama mtoto anavyofundishwa kutofautisha maharage mazuri na mabovu: inaonyeshwa mifano mingi, na kila mfano una jibu lake tayari. Hii ina ufa, hii haina. Mwangwi huu umetoka mahali pazima, huu umetoka mahali palipoachana. Baada ya maelfu ya mifano, inaanza kukisia yenyewe mfano mpya uko upande gani.

Chuo kikuu cha Utah State huko Marekani kilikusanya picha zaidi ya 56,000 za beto ya madaraja, kuta na njia za miguu, na kuziacha wazi mwaka 2018 ili kila mtu afundishie kompyuta yake. Baadaye ukatoka mkusanyiko mwingine, wa vipimo vya mwangwi, rada na joto, kutoka madaraja matano ya jimbo la North Dakota. Leo mwanafunzi wa Goma, Butembo au Bukavu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchukua picha hizo bila malipo na kuanza kujaribu. Hilo ni jambo la kufurahia.

Hata hivyo ndani ya namba hizo mna mtego. Katika zile picha 56,092, zenye ufa ni 8,484 tu. Nyingine 47,608 hazina ufa. Mashine mvivu ambayo inajibu kila mara «hakuna ufa», bila hata kutazama picha, ingepata jibu sahihi karibu mara 85 kwa mia. Muuzaji angeweza kuja nayo Goma na kusema kwa kiburi kwamba mashine yake inapata 85 kwa mia, na angekuwa hajadanganya. Lakini isingekuwa imeona ufa hata mmoja.

Ndiyo maana mtu akileta chombo cha namna hiyo, swali la kwanza la viongozi lisiwe «kinapata ngapi kwa mia?» Wamuulize: kati ya mahali pabovu mia, kimeacha mangapi? Kwani makosa hayana uzito sawa. Mashine ikisema ukuta mzima ni mbovu, hasara ni fedha na siku mbili za enjinia anayekuja kuhakikisha. Ikisema ukuta mbovu ni mzima, hasara ni watoto waliolala chini yake.

Beto ya Kivu si beto ya North Dakota

Kuna jambo la pili, ambalo mtaalamu wa mbali anaweza kulisahau. Madaraja ya North Dakota yanaharibiwa na baridi kali na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi inaingia, vyuma vinapata kutu, beto inaachana tabaka kwa tabaka. Mashine iliyofundishwa huko imejua ugonjwa wa huko.

Ugonjwa wa majengo mengi ya Kivu ni mwingine. Ni sima iliyopunguzwa kwa sababu mfuko ni ghali. Ni maji mengi yaliyoongezwa ili beto iwe rahisi kumwaga. Ni mchanga wenye udongo, vyuma vyembamba kuliko vilivyoandikwa kwenye mpango, nguzo ya nyumba ya chini iliyobebeshwa etaje mbili baadaye. Ni beto ambayo haikusindiliwa vizuri na ikabaki na matundu kama masega ya nyuki.

Zaidi ya hayo, Goma imejengwa juu ya lava na kwa lava. Kokoto nyingi zinatoka kwenye mawe meusi yanayopondwa kwa mkono, mara nyingi na akina mama na vijana. Mawe mengine ya volkano yana matundu madogo madogo na ni mepesi, na mawimbi ya sauti hupita polepole ndani yake hata kama beto imetengenezwa vizuri. Mashine ambayo haijawahi kukutana na jiwe hilo inaweza kuita mgonjwa ukuta ulio mzima, au kutoona ugonjwa uliopo kweli.

Dawa yake inajulikana. Vyuo vya ujenzi na vyuo vikuu vya Kivu vikusanye mifano ya hapa hapa: nguzo za majengo yanayobomolewa, zipimwe kwanza, kisha zipasuliwe ili ionekane kama kipimo kilisema kweli. Kila jengo la zamani linalobomolewa bila kupimwa ni somo lililotupwa. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji nyundo ya Schmidt, chombo cha mawimbi, daftari, na wanafunzi wenye bidii. Mafundi wazee wakae katika meza hiyo pia, kwani wao ndio wanaojua beto ilimwagwa namna gani siku ambayo enjinia hakuwepo.

Jibu lililojulikana, na watu wakafa

Tuseme yote hayo yamefanyika, mashine imefundishwa vizuri na inaona. Bado kuna swali ambalo mashine haliwezi.

Tarehe 23 mwezi wa nne 2013, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, nyufa zilionekana katika jengo la etaje nyingi lililoitwa Rana Plaza. Enjinia mmoja alikuja kutazama, akasema jengo lina hatari. Banki iliyokuwa ndani iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Lakini kesho yake asubuhi, wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kupanda kazini. Jengo lilianguka. Watu 1,134 walikufa.

Hakuna mashine iliyokosekana pale. Ubovu ulionekana kwa macho, na mtaalamu aliusema. Wa banki walikuwa na mkubwa aliyewaambia wabaki nyumbani. Washona nguo hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na kukosa kazi siku moja kulimaanisha kukosa mshahara.

Familia za wahami zinafanana na wale washona nguo. Hazina mkataba na mwenye jengo. Haziwezi kudai karatasi ya enjinia. Zikiambiwa «hapa ni pazuri», zinalala. Zikiambiwa «tokeni», zinatoka na kulala nje.

Nyekundu bila mahali pa kwenda

Goma inajua tayari lugha ya rangi. Kwa miaka mingi, hali ya volkano imetangazwa mjini kwa rangi: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Hata mtoto wa shule ya msingi anaijua maana yake. Katika nchi nyingi zilizopigwa na tetemeko, majengo pia hutiwa alama hivyo hivyo. Huko Haiti, baada ya tetemeko la tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010, maenjinia walitembelea majengo karibu 400,000 na kuyapa alama ya kijani, njano au nyekundu.

Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini watu wengi walirudi kulala ndani ya nyumba za njano na hata za nyekundu, kabla hazijatengenezwa. Maana ya rangi waliijua vizuri. Walirudi kwa sababu hema ilikuwa imechoka, mvua ilinyesha, na hawakuwa na mahali pengine.

Hapo ndipo penye uzito kwa Kivu. Kuna hatari kwamba jibu la mashine litakuwa njia rahisi ya kufukuza wahami. Mkuu wa shule anayetaka madarasa yake, au mwenye nyumba aliyechoka na wageni, ataonyesha karatasi na kusema: kompyuta imesema jengo ni bovu, ondokeni. Kesho yake masomo yataanza katika darasa lile lile. Kama jengo ni bovu kwa mhami, ni bovu pia kwa mwanafunzi. Anayetoa familia kwa sababu ya ufa na kuingiza watoto wa shule hajali ufa hata kidogo.

Wengine watasema: wakati wa vita, wakati watu hawana chakula wala dawa, nani ana nafasi ya kufikiri juu ya beto? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mashirika na viongozi ndio wanaochagua familia zilale jengo gani. Wanatuma watu kuhesabu vyoo, maji na milango. Kuongeza mtu mmoja mwenye nyundo na chombo cha mawimbi si kazi ya kushinda akili. Na ni hapa mashine inaweza kusaidia kweli: vijana wapige picha na kupima majengo yote yanayopokea watu, kompyuta iyapange kutoka lenye mashaka zaidi hadi lenye mashaka kidogo, na enjinia wachache waliopo waanze na yale ya juu. Kompyuta ionyeshe pa kuanzia, halafu enjinia atazame na aweke sahihi yake.

Yanayopaswa kudaiwa

Madai basi ni machache na yanaeleweka. Kwanza, jengo lolote linalopewa familia za wahami lipimwe kabla, au katika siku za kwanza. Pili, jibu libandikwe mlangoni kwa rangi na kwa maneno ya Kiswahili, lisomwe mbele ya kamati ya wahami, na litangazwe katika redio za mtaa, kwani si kila mtu anajua kusoma. Tatu, hakuna rangi nyekundu itolewe bila kuonyesha mahali pengine pa kulala usiku huo huo. Nne, jengo lililokatazwa kwa wahami likatazwe pia kwa wanafunzi na waumini hadi litengenezwe.

Wakati mashine hiyo haijafika, familia si lazima zikae zikisubiri. Ufa wa mshazari kwenye nguzo, ufa unaotengeneza msalaba ukutani, chuma cha beto kinachoonekana chenye kutu, mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama: hizo ni dalili za kuripoti kwa kamati na kwa mkubwa wa mtaa siku hiyo hiyo. Ufa unaotia mashaka uwekewe alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, na tarehe iandikwe pembeni. Ukivuka alama, jengo linasogea, na watoto wasilale upande huo tena. Mtoto anayejua kuandika anaweza kuifanya kazi hiyo.

Wale watakaoleta kompyuta zao Kivu wapokelewe vizuri. Ila siku watakapopima darasa na kuona kitu kwenye skrini, wasifunge mashine na kupanda gari kwanza. Mama aliyetandika godoro lake chini ya nguzo ile aitwe, aonyeshwe, na aambiwe usiku huu atalala wapi.